Utepe wa Barabara ya Sita

Baba mpendwa,

Shikamoo. Naamini barua hii inakukuta mzima, na lile goti limepunguza maringo. Kaka ameniambia kwamba sasa unatembea mpaka kituoni na kurudi bila mkongojo, nami nikashukuru sana. Mwambie Mama miwani yake imeonekana, ilikuwa ndani ya friji yangu, na asijaribu kumsingizia mjukuu. Sisi huku hatujambo. Mkweo bado anakoroma, na wajukuu zako wawili wa hapa wanakula kama mchwa.

Mwezi ujao mtaa wetu unatimiza miaka thelathini. Kwa kuwa mimi ni karani wa ofisi ya wakazi, kamati imenitwika kazi ya kuandika kijitabu cha historia yake. Nimeandika jinsi hapa palivyokuwa bonde la matete na vyura, kabla hamjaja na ramani ya barabara tisa zilizonyooka kama meno ya kitana. Nimeeleza kwamba kila nyumba ilipewa baraza mbele na njia ya miguu nyuma, ili mtoto atoke kwao mpaka shuleni bila kuvuka barabara ya magari. Nikaeleza pia kwamba mpima ardhi alikuwa baba yangu.

Nilipofika Barabara ya Sita, kalamu ikawa nzito.

Unajua vizuri kuliko mimi yaliyotokea. Mitaro ilikuwa imechimbwa na misingi imejengwa ndipo mhandisi mkuu alipogundua kwamba barabara imepinda katikati. Mafundi wakacheka mpaka wakakaa chini, wakakubatiza jina la Kombo. Wewe hukubishana. Ulisema jicho lako limechoka, ukakabidhi vyombo, ukaenda kuuza mbao kwa mjomba. Tangu siku ile hujapima kitu tena. Hata mapazia ya Mama alikuja kuyapima jirani, nawe umesimama mlangoni ukitazama pembeni. Ukija kwangu hupita njia ya nyuma, kana kwamba barabara hiyo inakudai.

Laiti ungepita mbele, Baba. Kwenye barabara zilizonyooka magari yanapita mbio. Hapa kwetu yakifika kwenye kona yanapunguza mwendo yenyewe, na watoto wanacheza wapendavyo. Zaidi ya hapo, kona imefanya mabaraza yatazamane, kwa hiyo huwezi kuumwa siku mbili hapa bila mtu kukugongea mlango. Mshonaji wa namba kumi na nne anasema humu hata kununiana ni kazi, maana mtaonana tu. Watu wanaotafuta nyumba hawaulizi tena Barabara ya Sita, wanauliza kama kuna nafasi kwa Kombo. Jina la kejeli limekuwa anwani.

Sasa kamati inataka kuweka kibao penye kona, chenye jina lako, kueleza kwamba uliipinda kwa makusudi ili ipendeze. Mwenyekiti alikuja ofisini akitabasamu, akasema hakuna atakayejua. Nilimjibu kwamba mimi ninajua. Hakuelewa, na sikumweleza, kwa sababu wewe ndiye unayestahili kuambiwa kwanza.

Baba, nilikuwa na miaka tisa, na tuliishi kwenye vibanda vya wafanyakazi. Vigingi vyako vilifungwa tepe nyekundu. Nilikuwa na mwanasesere asiye na nywele, nikaona tepe zile zinamfaa. Siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha, udongo laini. Nilipovuta utepe wa kwanza, kigingi kikatoka nao. Na cha pili vivyo hivyo. Nikaogopa, nikavirudisha kwa kukisia, nikavifunga tepe zao, nikakimbia. Kesho yake wachimbaji wakafuata pale nilipovichomeka mimi.

Waliponicheka watoto wenzangu kwamba baba yangu hajui mstari, nililia, wewe ukadhani nalia kwa aibu yako. Ukanibembeleza. Nilitaka kusema wakati ule, nikashindwa, kisha kila mwaka uliopita ukafanya kusema kuwe kugumu zaidi. Nimekuacha ubebe kosa langu muda wote huu. Nisamehe, Baba. Jicho lako halikukosea hata kidogo.

Kamati nitaiambia ukweli, wakipenda kibao waandike hivyo, wasipopenda wakiache.

Nina rafu ya vitabu iliyoegemea ukutani tangu tuhamie. Mkweo amebeba nyundo mara tatu, nami nimemzuia mara tatu bila kumpa sababu. Njoo na futi yako, uipime wewe. Na safari hii upite mbele.

Msalimie Mama, Kaka na wote wa nyumbani. Watoto wanakuamkia.

Ni mimi binti yako,
niliyevuta utepe.