Neti Ibaki kwa Aliyepona

Mama,

Mjukuu wako Nekesa alitangaza jana kwamba amewaona tena wale vijidudu wako wenye umbo la ndizi. Safari hii wamo katika damu ya kaka yangu Wafula. Naanza na hilo kwa sababu ulizoea kuniambia nikupe habari kwanza, salamu baadaye.

Nekesa sasa ni mtaalamu wa maabara huku Kitale. Ulimwacha akiwa chuoni. Koti lake jeupe hulipiga pasi mwenyewe, kwa ukali uleule uliotumia kupiga pasi sare yako ya uhudumu wa afya wa kijiji.

Wafula aliugua malaria huko Tongaren. Alimeza dawa zote, homa ikaisha, akarudi kwa mahindi yake. Kisha binti yake mdogo akaanza kutetemeka, na nyumbani wakafanya yale ya siku zote: neti ya mbu ikaondolewa kwa aliyepona, ikapelekwa kwa mgonjwa.

Uligombana na desturi hiyo miaka mingi. Mtu wa maabara kule Lugulu alikuruhusu kuchungulia kwenye hadubini, ukarudi kutueleza kwamba homa ikiondoka wanaweza kubaki kwenye damu wale wenye umbo la ndizi, dume na jike. Hawamsumbui mtu. Wanangoja mbu awanyonye, na ndani ya tumbo la mbu ndiko wanakopandana. Siku zikipita, mbu huyo ana malaria ya kumpelekea jirani. Ukasema neti ibaki kwa aliyepona, na mgonjwa mpya atafutiwe yake.

Wafula alikucheka. "Mama, sasa mimi ni kuku wa kulalia mayai?"

"Mayai unayo, tena si yako. Nyamaza ulale."

Jana alimleta mtoto kituoni kwa Nekesa, nami nikiwapo. Nekesa alimpima, akataka kumpima na baba yake. Wafula akalalamika ati yeye ni mzima, si amelima wiki nzima? Alipimwa hivyo hivyo. Mtoto ana malaria na ameshaanza dawa. Majibu ya Wafula nimekupa hapo juu.

Nekesa akamwita achungulie. Aliinamia hadubini, akauliza jike ni yupi. Kisha akampigia mkewe simu, sisi wote tukisikia.

"Mama Naliaka, tafuta neti nyingine kabla ya giza. Ile ya mtoto usiitoe. Na mimi nafunikwa."

Sauti ilikuwa yake. Maneno, Mama, yalikuwa yako.

Katika kazi yangu ya uandishi wa habari nimeripoti mambo makubwa kuliko hayo bila kupoteza mstari niliokuwa nikiuandika. Jana niliupoteza. Nekesa alinitazama, akarudi kwenye sampuli iliyofuata, kwa kuwa foleni ilikuwa ndefu. Ungempenda hapo.

Jumamosi tunakutana nyumbani kwa kumbukumbu yako. Wafula ameomba azungumze kabla ya mchungaji, na hajatuambia atasema nini, lakini ameuliza mara mbili kama Nekesa atakuja na hadubini. Akiruhusiwa ataibeba. Asiporuhusiwa atachora.

Mimi nakuahidi hivi: nitafika na neti za kutosha kila kitanda cha boma lako, na nitazitundika kwa mkono wangu kabla sijaketi. Hakuna atakayevuliwa yake tena.

Pumzika, Mama. Tunaanza saa nne asubuhi.