Siku Baba Alipoingia Lamboni

Shangazi yangu,

Huku Butiama mvua zimeanza, na wanawake wanashuka lamboni na fito zao za kuvulia. Natamani ungewaona, maana mwanamke wa kwanza kushika ndoana pale ulikuwa wewe.

Enzi za Mwingereza, serikali ilipochimba lile lambo la kunyweshea ng'ombe, walimwaga humo samaki wadogo walioletwa kwa madebe kutoka ziwani. Nyumbani kwetu hakuna aliyewagusa. Tulikuwaga watu wa maziwa na ugali wa mtama. Wewe ulikuwa umerudi kutoka Kiriba, baada ya ziwa kumchukua mume wako. Ulikuwa huongei. Hata maji ya kunawa ulinituma mimi nikakuchotee.

Ukaja ukame. Ng'ombe wakakauka maziwa, mdogo wangu wa mwisho akaanza kuvimba miguu. Asubuhi moja ukachukua ndoana za marehemu, ukaniambia, "Twende, mama. Nibebee minyoo."

Baba alitukuta kwenye tuta. "Dada, unatuaibisha. Haya ni maji ya ng'ombe."

"Na ng'ombe hawana maziwa, kaka. Mtoto atakula nini?"

Baba akabaki pale pale kwenye tuta. Ulishatoa sato wawili wakati ufito ulipopinda karibu kuvunjika. "Mumi huyu!" ukasema. Ukavutana naye yule kambare, tope likakutelezesha, ukaingia majini mzima mzima.

Baba hakuwahi kuogelea maishani mwake. Aliruka na shuka lake mwilini. Nilimwona anazama, nikapiga kelele. Wewe ulikuwa umeshaibuka. Ukaachia mshipi, ukamfuata, ukamshika kwapani na kumkokota hadi ukingoni. Alitapika maji. Alipopata pumzi akauliza, "Umepona?"

Hapo ndipo ulipolia. Tangu urudi hatukuwa tumeona chozi lako. Ulilia kwa sauti huku ukimpiga mgongoni. "Wewe unajuaga kuogelea? Ulitaka nilie wawili?"

"Niliona unazama," Baba akasema. "Ningefanyaje?"

Mchana ule ulipika wale sato. Mtoto alimaliza mchuzi wote. Baba aliitazama sahani yake weee, kisha akala, akachomwa na mwiba, akaendelea kula. Kesho yake alikuchimbia minyoo mwenyewe.

Ulianza kuongea, Shangazi. Ulitusimulia habari za mume wako, hata vituko vyake, na baada ya mavuno ukaomba upelekwe Kiriba ukaishi tena karibu na ziwa. Nililia ulipoondoka. Sasa nimezika mume wangu mimi pia, na ndiyo nimeelewa kidogo. Hukuwahi kutuambia uliwaza nini ndani ya yale maji. Mimi nadhani mume wako hukuwepo kumshika. Kaka yako ulimshika.

Pumzika kwa amani, Shangazi.

Mtoto wa kaka yako