Neno la Ng'ombe Nimeambiwa Mimi

Shangazi Kalista, shikamoo. Mimi ni msomaji wako, kila Jumamosi nasoma matatizo ya wenzangu na kucheka, leo zamu yangu imefika, tafadhali usinicheke. Naitwa Suma, kwetu Tukuyu, nimeolewa na Mfipa wa kijiji kimoja njia ya kwenda Matai, huu ni mwaka wa tatu. Mume wangu Wilibrodi ni mpole, hapigi, hanywi hovyo, Jumapili anaimba besi kanisani, hata kuku akiingia ndani anamtoa kwa adabu. Lakini Shangazi, akishika jembe la ng'ombe, Mungu wangu! Anayowaambia wale maksai siwezi kuyaandika gazetini, na lile kubwa kuliko yote linamtaja mama wa ng'ombe na mahali alipomzalia. Mwanzoni nilikuwa naziba masikio, wakaniambia utazoea, hapa kila mtu analima hivyo, na kweli nikazoea.

Sasa juzi tunalima, mimi nimetangulia mbele naongoza ng'ombe, yeye nyuma kashika jembe, mvua inatishia, nikageuka mapema mstari ukapinda, basi akaanza na ng'ombe wa kulia, akaja wa kushoto, halafu akanifikia mimi, neno lile lile, na jina langu juu yake, mbele ya mama mkwe na shemeji yangu Loth na majirani waliokuwa shamba la pili, na watu wakacheka, hata mama mkwe akacheka. Shangazi, nilijiona kama nimevuliwa nguo. Nikaachia kamba nikaenda nyumbani kulia.

Kinachoniua zaidi ni kwamba hakuna anayekubali kuwa nimetukanwa. Wilibrodi anasema, "Nilifoka tu, mke wangu, ni haraka ya mvua." Mama mkwe anasema, "Ah, hajakutukana mwanangu, amekuhimiza. Hata mimi baba yake alinihimiza hivyo hivyo." Loth, ambaye anashinda Sumbawanga mjini kwenye bodaboda, anasema, "Shem, bro kakuchana kidogo tu, poa, yameisha hayo." Nikampigia mama yangu Tukuyu, nikamnong'oneza lile neno, akasema, "Suma, huyo kanitukana mimi niliyekuzaa. Rudi nyumbani." Sasa nishike la nani? Tangu siku hiyo sijamjibu mtu vibaya, sijamtukana mtu, nimenyamaza tu, napika, naweka chakula, mama mkwe nampita mlangoni bila kumwamkia maana alicheka. Begi nimeshafunga, nguo za mwanangu Edith zimo. Nampenda mume wangu, lakini nitalalaje na mtu aliyemtaja mama yangu hivyo na bado anaona ni mambo ya shamba? Niende au nibaki?

Suma, Kalambo

SHANGAZI KALISTA ANAJIBU

Marahaba, Suma. Sikucheki hata kidogo. Pole sana, mwanangu. Umetukanwa. Nalisema mapema ili mengine uyasome umetulia. Aliyekuambia anaweza kuliita jina analotaka, lakini uliyeumia ni wewe, na mzazi aliyetajwa ni wako.

Mimi nimezaliwa huko huko juu, kwa Wafipa. Baba yangu, ingawa jumuiya ya kanisa ilikuwa inasali kwetu, alilima kwa maksai, kwa hiyo maneno hayo nayajua yote, mengine hata leo nikijikwaa yananiponyoka. Ng'ombe hana aibu wala hana wakwe, unaweza kumwambia chochote. Huyo Loth mwache, kwake kila kitu ni kuchana. Ila mama mkwe wako nakuomba umsikilize vizuri. Amekuambia kwamba na yeye alihimizwa hivyo hivyo. Wewe umesikia dharau, mimi nimesikia mwanamke aliyeambiwa neno hilo miaka yote na hakuwa na wa kumwandikia, akalitafutia jina jepesi ili alimeze.

Lakini na wewe, Suma! Eti hujamtukana mtu, umenyamaza tu. Unampita mama wa watu mlangoni bila shikamoo, asubuhi na jioni, halafu unaita kunyamaza? Kwenu Tukuyu mkwe hupitwa hivyo? Huku kwetu mama akinyimwa salamu na mke wa mwanawe, ndani ya nyumba yake, hakuna neno la shambani linaloufikia uzito huo. Nina hakika akikaa na wenzake kisimani hasemi "mkwe wangu amenyamaza." Anasema "mkwe wangu ananitukana kila siku." Na hakosei. Unaona jinsi kila mtu anavyolipatia kosa lake jina zuri?

Sasa fanya hivi. Begi lifungue, nguo za mtoto zirudi kwenye sanduku, safari ya hasira haimfai Edith. Kesho asubuhi, kabla ya kazi yoyote, piga goti umwamkie mama mkwe. Akishaitikia, mwambie taratibu, "Mama, ulipocheka niliumia." Hayo tu. Ya mumewe usimchokonoe. Akitaka kuyasema atayasema mwenyewe, na akiyasema, kaa naye.

Kisha ni Wilibrodi. Usibishane naye kama alitukana, alifoka au aliteleza ulimi, mtakesha kwa hilo na mahindi hayajapandwa. Mwambie alikutolea neno lile mbele ya watu, basi akuombe radhi shambani mbele ya hao hao, mama yake na mdogo wake na majirani. Asilete habari za kukuomba msamaha chumbani taa ikiwa imezimwa. Ng'ombe aendelee nao wao kwa wao, lugha yao wanaielewa.

Akikuambia tena kwamba hilo ni neno la kazi tu na wewe unalikuza, usilie na usipandishe sauti. Piga simu Tukuyu mbele yake, na mama yako akipokea, mpe mumeo simu mkononi. Mwambie, "Mama yangu huyo. Kama mimi ulinihimiza, mhimize na yeye."