Sura ya Saba ya Tembo Kimanga

Bura, kupitia Mwatate,
Taita Taveta.
Jumapili, 14 Septemba 2025

Mpendwa mwanangu Wakesho,

Pokea salamu za huku mlimani, zikiwa bado na ukungu wa asubuhi. U hali gani huko Ayalandi? Baridi imekuachia masikio au imeondoka nayo? Na ule mgongo unaokusumbua kwa sababu ya kuwainua wale wazee unaowatunza, unaendeleaje? Tafadhali usimbebe mtu mzima peke yako, hata akiwa mwembamba namna gani. Mama yako, dada yangu marehemu, alikuwa hivyo hivyo, anabeba kila kitu halafu anasema hajachoka.

Sisi hatujambo kwa neema ya Mungu. Goti langu la kushoto linauma, kwa hiyo nasema mvua iko karibu, na auntie yako Everlyne anasema goti hilo limetabiri mvua tangu Julai na hakuna kitu. Kabichi zake zimefunga vizuri. Ng'ombe amezaa ndama mwenye doa jeupe kwenye paji la uso. Shanice wako ana afya, amerefuka, na ameng'oka meno mawili ya mbele, akisema "sasa" anapiga mluzi bila kutaka.

Najua unashangaa. Barua ya karatasi, yenye stempu, zama hizi! Simu ninayo na bando lipo. Nitakuambia mwishoni kwa nini simu isingefaa. Kwanza nikutolee lililo moyoni, maana nimekaa nalo wiki saba na limeanza kuninyima usingizi wa mchana, nawe unajua mimi na usingizi wangu wa mchana.

Mwanangu, nilikukosea.

Ulipoondoka mwaka jana mwezi wa kwanza, Shanice alikuwa Gredi ya Kwanza na hakuwa anasoma hata jina lake kwenye kikombe. Mwalimu wake, Dinah, aliniita mara mbili. Aibu iliyoje! Mimi niliyefundisha Kiswahili miaka thelathini na minne, nyumbani mwangu kuna mtoto ambaye akiona kitabu anajitolea kwenda kuchota maji. Nilijaribu kadi. Nilijaribu kumhonga kwa mandazi. Wapi! Alikula mandazi, kitabu akakiacha. Alikuwa ananiambia, "Babu, hiki hakina kitu ndani."

Halafu ukaanza kumtumia Tembo Kimanga. Sura fupi fupi, sentensi moja moja kila mstari, na michoro yako ya kalamu. Tembo aliyepanda mlima Vuria na njaa yake, akaona wingu jeupe limelala kileleni, akadhani ni kimanga, kile chakula chetu cha mihogo na maharagwe, kimepondwa kikaachwa kipoe, akalimeza lote! Tangu siku hiyo kila akishikwa na kwikwi mvua inanyesha pale pale alipo, iwe kanisani, iwe kwenye harusi. Na yule shangazi yake, Mkamburi, pimbi mwenye miwani, asiye na mkia, anayeazima mikia ya wenzake akienda kutembea.

Kila sura ilipoingia kwenye simu niliteremka nayo hadi Voi kwa Mutuku, yule Mkamba mwenye saiba nyuma ya soko. Anaichapisha, anaikunja, anaibana na stepla, inakuwa kijitabu cha kuingia mfukoni. Unamjua Mutuku, uso wake haucheki bure. Siku ya sura ya pili aliniacha nimesimama kaunta, watu wanangoja kuchapishiwa vyeti, yeye anacheka mpaka anafuta machozi kwa shati. "Mwalimu, usiichukue, ngoja nimalize huu ukurasa."

Na Shanice akasoma. Mwanzo tulisoma kwa zamu. Kufika sura ya tatu aliniambia, "Babu, nyamaza nisome." Ya tano alimsomea ng'ombe aliyekuwa na mimba, eti ndama asikie akiwa ndani. Dinah alinisimamisha baada ya Misa kunieleza kwamba mtoto ameinua mkono darasani, mwenyewe, bila kuitwa. Nilirudi nyumbani nikitembea kama nimepandishwa cheo.

Basi ikaja sura ya sita. Kimanga kashikwa na kwikwi siku ambayo shangazi amevaa mkia wa kima, mkia wa heshima, wa kwenda harusini. Mkia ukalowa, ukasinyaa ukawa kama kamba ya kiatu. Shangazi Mkamburi akakasirika, akapanda mwambani kwake, akageuza mgongo, akasema hamsemeshi Kimanga tena maisha yake yote. Mwisho wa sura.

Na mimi nikafanya nini? Nikachukua kalamu nyekundu.

Sijui ni pepo gani la ualimu lilinipanda. Nilikaa mezani, nikavaa miwani, nikakusahihisha wewe mama mtu mzima. Penye wingu niliandika, "Wingu ni mvuke, haliwezi kumezwa." Penye shangazi niliandika, "Pimbi hawezi kuwa shangazi wa tembo." Penye mkia wa kuazima, "Haiwezekani." Chini kabisa, "Funzo liko wapi?" Nikatoa alama: kumi na moja kwa ishirini. Juhudi ipo, ongeza uzito. Halafu, Mungu anisamehe, nikapiga picha kurasa zote nikakutumia, na nikajisikia nimekusaidia.

Ulijibu, "Asante mjomba." Maneno mawili. Nikasema, mtoto huyu ana adabu.

Wiki ya kwanza sura haikuja. Ya pili haikuja. Jumapili ukipiga simu Shanice anakuuliza, unamwambia, "Nimechoka, mwanangu, mama amechoka." Nami kwa ujinga wangu nikakasirika. Nikasema Wakesho amezoea Ulaya, amesahau mtoto. Ndiyo, nilisema hivyo, na nimeyaandika hapa ili nisijifanye mwema. Shanice aliisoma sura ya sita mpaka karatasi ikachakaa, halafu siku moja akaiweka chini ya godoro na akarudi kwenye kazi yake ya zamani ya kuchota maji.

Nikaona niokoe jahazi. Niliandika sura ya saba mwenyewe, nikampelekea Mutuku, akaibana vizuri. Katika sura hiyo Kimanga alikwenda kwa daktari wa mifugo, akapewa dawa, kwikwi ikaisha, akarudi shuleni na kuwa wa kwanza katika hesabu. Mutuku aliisoma yote bila hata kutabasamu, akanirudishia. Ningepaswa kuelewa pale pale.

Shanice alisoma ukurasa mmoja. Akakifunga kijitabu polepole, akanirudishia kwa mikono miwili, kwa adabu kabisa. "Hii si ya mama. Kimanga huyu ni mgonjwa." Akatoka nje.

Jioni hiyo Everlyne hakunipa nafasi ya kujitetea. Aliniambia ulimpigia simu ukilia. Aliniambia unaziandika sura hizo jikoni kwenye hicho kituo cha wazee, wakati wa mapumziko, ukiwa umesimama kwa sababu ukikaa utalala. Kisha akanikumbusha darasa la nne. Insha yako ya mbuzi aliyeruka juu ya mlima akaenda kuuza maziwa yake mwenyewe Mombasa. Nilikusimamisha mbele ya darasa uisome, na nilipouliza, "Mbuzi anaruka?" darasa zima likakucheka. Mimi nilikuwa nimesahau kabisa. Wewe hukusahau. Everlyne anasema toka siku hiyo uliandika kwa kujificha, na miaka yote hiyo mtu wa kwanza kumwandikia waziwazi ni binti yako.

Kwa hiyo nimekufanyia mara mbili, mwanangu. Mara ya kwanza ulikuwa mtoto na mimi mwalimu kijana mwenye kiburi. Mara ya pili sina kisingizio.

Usidhani nilikubali siku hiyo. Nilinuna! Siku mbili nilikula peke yangu barazani kama mgeni asiyekaribishwa. Siku ya tatu Everlyne alitwanga miwa kwenye kinu, akakamua maji yake kikombe kimoja, akasimama mlangoni. Akajaza kinywa, akapuliza nje kwenye majani, puuu! Akasema, "Hasira yangu kwa mume wangu Sylus imetoka, imekwenda, nyumba iwe na amani." Kutasa, mwanangu, kama alivyokuwa akifanya bibi yako akiwa na hasira, akitaka kuitoa isije ikadhuru watu. Nilimwambia mimi ni mwenyekiti wa jumuiya ya kanisani, watu watasema nini. Akanijibu kwamba Padri hajakataza mtu kutema hasira, ila kuimeza.

Sasa Shanice alikuwa ameona yote, amesimama na ndoo yake. Akauliza, "Bibi, na tembo anaweza kutasa?" Everlyne akasema haoni kwa nini asiweze. Mtoto akaweka ndoo chini, akachukua daftari, akaingia ghalani kwenye mahindi. Alasiri tatu mfululizo. Nikimwita anasema ana kazi.

Hiyo kazi ndiyo iliyomo ndani ya bahasha hii. Utaisoma mwenyewe, lakini siwezi kujizuia. Kimanga anakwenda kuomba msamaha, shangazi anamrushia maganda ya ndizi. Wanyama wanamshauri atase. Basi anavuta maji ya miwa kwa mkonga, tangi zima, anakusudia kupuliza kidogo tu. Lakini ni tembo! Anamlowesha shangazi, anaulowesha mwamba, anawalowesha mbuzi, anamlowesha chifu akiwa katikati ya baraza, na barabarani alikuwa amesimama mwalimu mmoja mwenye kalamu nyekundu mfukoni. Wino ukayeyuka, mwalimu akawa mwekundu wiki nzima, na kuku wakamdhania jogoo. Shangazi Mkamburi akacheka mpaka akaanguka kutoka mwambani. Kwikwi je? Ipo bado. Nilimuuliza mtoto kwa nini hakuiponya, akanitazama kwa huruma. "Babu, sasa wewe ungetaka kitabu kiishe?"

Nilicheka mpaka goti likaniuma. Halafu nikaenda nyuma ya zizi nikalia, mzee mzima, ndama ananitazama. Sikuigusa sura hiyo, Wakesho. Hata nukta. Kalamu nyekundu nimempa Shanice, na utaona kwenye mchoro ndiyo aliyompakia rangi yule mwalimu.

Na nikuambie jambo lingine unicheke. Juzi nilimweleza Mutuku yote, na kumbe palikuwa na askari wa wanyamapori anayengoja fomu zake. Akasema pimbi na tembo ni jamaa kweli, ukoo mmoja tangu zamani sana. Mutuku akanitazama juu ya miwani. "Mwalimu, basi ulimnyima alama za haki."

Sasa nikujibu lile la simu. Maji ya miwa hayaingii kwenye simu. Leo baada ya Misa niliitandaza karatasi hii kwenye kigoda pale uani, nikajaza kinywa, nikatasa. Nilisema hivi: hasira niliyomwekea Wakesho kwa kunyamaza imetoka, na kiburi changu kitoke nayo, mikono yake iandike, mgongo wake upone. Hayo madoa madogo ya juu ni yangu. Kama nawe unayo hasira juu yangu, na una haki nayo, chukua maji ya bomba ya huko, yanatosha. Pulizia dirishani, jirani atadhani unaosha kioo.

Doa kubwa la chini ni la Shanice. Aliomba zamu yake, nami nikacheka, nikamwambia wewe mtoto mdogo una hasira gani? Alijaza kinywa, akapuliza, na kwa lile pengo la meno yote yakaangukia mahali pamoja. Akajifuta kidevu.

"Ya mama kuondoka," akasema. "Imetoka sasa."

Mwaka mmoja na miezi minane, mwanangu, na hakuna aliyewahi kumuuliza.

Everlyne anakusalimu sana, anasema vaa sweta ya kijani hata kama haikupendezi. Mwalimu Dinah anakusalimu, na Mutuku anauliza kila nikipita dukani kwake kama kuna kitu cha kuchapisha. Ndama bado hana jina, Shanice amekataa asipewe mpaka wewe useme. Mungu wa baba zetu akulinde zamu ya mchana na zamu ya usiku, akupe mahali pa kukaa ukiandika, na akulete nyumbani mwenye afya.

Ni mimi mjomba wako, ninayekupenda na ninayestahili sifuri kwa ishirini,

Sylus

Shanice amedai nafasi hii ya mwisho aandike mwenyewe. Mimi nimeondoka mezani, sijaangalia.

MAMA MIMI NAJUA KUSOMA NA KUANDIKA. SURA YA NANE NI YAKO. KIMANGA ANAKUNGOJA MIMI PIA.