Mlingoti Chini ya Maji

6 Machi

Mwanangu,

Salamu nyingi. Hujambo na joto la huko? Sisi hatujambo, mgongo wangu tu ndio unalalamika, nao umezoea.

Ile meli iliyozama mwaka juzi imeitoboa mashua ya mjomba wako. Maji yalikuwa yamepwa, mashua ikaupanda mlingoti wa meli hiyo bila yeye kuuona. Kaelea na dumu tupu mpaka nilipomwokota. Yu mzima, matusi hayajapungua.

Sasa wewe umekaa kwenye ofisi ya bandari inayohusika na mambo haya. Wenye meli walitokomea. Basi mwenyewe ni serikali. Nimewaandikia hapo ofisini kwenu mara tatu. Wamelala? Waamshe!

Baba yako

19 Machi

Baba,

Shikamoo. Mimi mzima. Mpe mjomba pole nyingi. Nililia, kisha hayo ya matusi yakanichekesha.

Hawajalala. Mkuu wangu anakubali: mwenye meli asipoonekana, kuondoa hatari ni kazi ya serikali. Nikafungua faili. Barua zako tatu zimo, Baba, na kila moja inataja mahali pengine! Wapiga mbizi walikwenda mara mbili wakakuta mchanga mtupu. Mkuu kaniuliza kama baba yangu anajua mashariki ni wapi. Nilitamani ardhi ipasuke.

Miaka arobaini majini, wewe si wa kupotea. Kulikoni?

Binti yako

2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako niliificha, mama yako akaipata. Siku mbili hajanisemesha.

Pale pana samaki, mwanangu. Tangu meli izame wamejaa humo kama wamepangishwa. Mvuvi gani anataja mahali pake? Nikasema nitaje karibu-karibu, serikali ina vyombo, itajitafutia. Hata mjomba wako sikumwambia. Angejua, asingepita pale. Nilikaribia kumzika shemeji yangu kwa ajili ya kapu la samaki. Naona aibu, nakwambia kweli.

Haya, andika: ukiwa majini, mnara wa maji uwe mstari mmoja na paa la shule, na upande wa pili ncha ya kisiwa iguse mwamba mweupe. Hapo ndipo. Na mwambie mkuu wako mashariki naijua sana.

Baba yako

28 Mei

Mwanangu,

Wazima huko? Huku raha tupu. Mama yako anakusalimu, sasa tunaongea, tena anaongea zaidi yangu.

Serikali yako imekuja. Wapiga mbizi wameukata mlingoti, wakaweka boya jekundu lenye taa. Meli yenyewe imebaki kule chini kabisa, haimgusi mtu. Nilikuwa na hofu samaki watahama, wapi! Waliohamia ni watu. Jana tulikuwa mashua tisa, na mjomba wako mbele kabisa na mashua yake yenye kiraka.

Unajua alinipigia kelele gani, palepale pangu? "Shemeji, hebu sogea, unatubana!"

Nikasogea.

Baba yako