Grupu Lingine

Jumamosi, Ngarenaro

Kumbe wenzangu wa kikundi wana grupu lingine kwenye simu, ambalo mimi simo. Nimelijua leo, siku yetu ya kwanza kuonana ana kwa ana baada ya muhula mzima wa kusoma mtandaoni.

Nilifika chuoni nikawatambua wenzangu watatu wa kikundi kwa sauti zao tu. Nikamwambia Upendo, kiongozi wetu, "Ni mimi, Naserian."

"Jamani, nilidhani wewe ni mama mtu mzima," akasema. Wakacheka, nami nikacheka.

Baadaye simu zao zikalia kwa pamoja. Yangu ikakaa kimya. Upendo aliona ninavyoitazama.

"Hilo grupu tulilianzisha zamani," akasema. "Wewe huwa bize na saluni, hatukutaka kukusumbua."

Ile kazi ya kikundi tuliyokuja kuwasilisha nimeiandika karibu yote mimi, kila nikishafunga saluni. Nilikuwa nikiuliza swali kwenye grupu letu, hakuna anayejibu, nikadhani wenzangu nao wamechoka kama mimi. Kumbe walikuwa wanaongea.

Tuliwasilisha vizuri. Mwalimu akatusifu kwa ushirikiano, nikaangalia chini.

Usiku huu Upendo ameniingiza kwenye grupu lao. Nilitaka kusoma waliyokuwa wakisema, lakini anayeingia haoni ya nyuma. Nikaandika, "Asanteni kwa kunikaribisha."

Wote wameisoma, na hakuna aliyejibu. Najaribu kujiambia wamelala. Ninachoogopa ni kwamba wameshafungua lingine.