Pacha wa Jukwaani

3 Machi

Pacha wangu Kurwa,

Hujambo? Mama hajambo, na magoti yake yanamruhusu kushuka ngazi? Mimi mzima, ila mgongo unalalamika. Tunamwaga zege ghorofa za juu na winchi imeharibika, basi winchi ni sisi. Habari njema: msimamizi amenipa likizo, mwezi wa nane nitakuwa nyumbani. Nitandikie kitanda changu, na usianze tena kujifanya mkubwa. Tulitoka tumboni tumeungana ubavu kwa ubavu, madaktari ndio waliotutenganisha. Mkunga alikuita Kurwa kwa sababu ulipiga kelele kwanza, basi.

Nduguyo,
Doto

20 Aprili

Doto,

Sisi wazima, Mama anakusalimia. Barua yako ilifika siku nyingi, nilitingwa. Mwezi wa nane si mzuri. Nyumba itakuwa inapakwa rangi, vitu vyote nje. Sogeza hadi mwisho wa mwaka, uje upumzike vizuri.

Kaka yako,
Kurwa

2 Mei

Kurwa,

Salamu nakupa kwa kuwa nililelewa. Jana wakati wa chakula fundi rangi alinionyesha video kwenye simu yake, akasema, "Huyu si wewe? Mbona umenenepa?" Ni wewe, jukwaani, ukumbi umejaa. Kando yako kuna mtu nisiyemjua, anaitwa Doto. Mnafungua mashati pamoja, mnaonyesha makovu mliyoachiwa na madaktari. La kwake limechorwa ubavu wa kulia. Langu liko kushoto. Hata hilo umesahau? Watu wakapiga makofi. Fundi rangi naye akapiga, kisha akaniangalia usoni akaacha.

Zamani watu kama sisi walionyeshwa kwenye mahema, kwa kiingilio. Tulipokuwa wachanga mwenye hema mmoja alikuja kututaka, Baba akamtoa mbio. Wewe umejipeleka mwenyewe, na mimi umenitafutia mbadala. Niambie jambo moja tu: Mama anajua?

Doto

28 Juni

Pacha wangu,

Natumaini mgongo umepata nafuu. Nimeanza kukujibu mara nyingi nikachana. Wenye kumbi wanataka wawili. Mmoja peke yake ni mtu mwenye kovu tu. Na wewe ulikwenda zako. Jamaa ni mtu mwema, analala kitandani kwako, anamshika Mama mkono kwenye ngazi.

Mama anajua. Hukaa mstari wa mbele, na hulia pale panapotakiwa. Mwanzo alikataa. Siku hizi humwita Doto hata tukiwa nyumbani.

Njoo basi, hapa ni kwenu. Ila majirani wameshamzoea yeye. Tutasema wewe ni binamu.

Kurwa

15 Septemba

Kurwa,

Natumaini nyote mko salama, na yule wa kitandani pia. Likizo niliirudisha. Msimamizi aliniuliza kama kwetu kumetokea msiba, nikachukua karai langu nikapanda juu. Winchi imetengenezwa, lakini nimezoea kubeba. Wenzangu wakiniona bafuni huuliza kovu hili la nini. Zamani nilikuwa nawasimulia habari zetu, wewe na mimi, mpaka maji yanapoa. Sasa nawaambia nilichomwa na nondo, kazini, na wanaridhika.

Msalimie sana Shangazi.

Binamu yako